Jibu kwa msomaji: yule mkubwa wa Onu aliyechukuliwa mezani

Swali lenyewe lilikuwa hivi:

"Jambo Papa Mwalimu. Ninaandika TFC yangu, ile kazi ya kumaliza masomo chuoni, juu ya vita ya Onu (Umoja wa Mataifa) hapa Lubumbashi. Nkambo (babu) wangu, ambaye alifanya kazi ya boyi, mtumishi wa nyumbani, kwa Wazungu wakati wa Tshombe, ametusimulia mara nyingi kwamba mkubwa mmoja wa Onu alichukuliwa mezani na masoda, sahani ikiwa bado ya moto. Sasa nimepata kitabu cha Kiingereza cha Brian Urquhart, na nimeona kwamba mtu huyo ni yeye. Rafiki zangu wamegawanyika. Mmoja anasema huyu alikuwa askari, kwa hiyo vita aliiona kwa macho yake. Mwingine anasema alikuwa balozi, na balozi huandika ili ajisafishe. Nimwite nani? Na kitabu chake naweza kukiweka kama ushahidi? Mwanafunzi, Kamalondo."

Jambo, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikacheka kidogo, kwa sababu hao rafiki zako wanagombana juu ya neno ambalo halimhusu mtu wao. Urquhart hakuwa balozi. Balozi hutumwa na serikali ya kwao, hupokea maagizo kutoka kwao, na akiandika uzeeni huitetea bendera iliyomlipa. Urquhart alikuwa Mwingereza wa kuzaliwa, lakini kwa miaka 40 na kitu mwajiri wake alikuwa Umoja wa Mataifa. Kifungu cha 100 cha Mkataba wa Umoja huo kinawakataza watumishi wake kuomba au kupokea maagizo kutoka serikali yoyote. Usidhani hilo lilikuwa jambo la karatasi tu. Mwaka 1961, alipokuwa mkuu wa Onu hapa mjini kwetu, serikali ya London haikupenda kabisa Onu itumie nguvu dhidi ya Katanga, jimbo letu ambalo Tshombe alikuwa amelitenga na Kongo, na mojawapo ya sababu unaweza kuitafuta kwenye hisa za kampuni ya Kiingereza ya Tanganyika Concessions ndani ya Union Minière, kampuni kubwa ya madini ya hapa. Mwingereza akiwa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, akiongoza kazi ambayo Waingereza wenzake wanainung'unikia: huyo humwiti balozi wa Uingereza.

Lakini rafiki yako wa pili hakukosea yote. Mtu asiye na serikali ya kuitetea anaweza kuwa na nyumba ya kuitetea, na nyumba ya Urquhart ilikuwa Onu yenyewe. Aliingia mwaka 1945, London, akiwa miongoni mwa watumishi wa mwanzo kabisa, wakati shirika lenyewe lilikuwa bado linatafuta viti vya kukalia. Alimsaidia Trygve Lie, Katibu Mkuu wa kwanza. Akafanya kazi chini ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyefuata, na karibu sana na Ralph Bunche, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Onu, na hao wawili aliwapenda kiasi kwamba aliandika maisha ya kila mmoja katika kitabu chake: cha Hammarskjöld kilitoka 1972, cha Bunche 1993. Kile ulichokishika wewe, cha maisha yake mwenyewe, ni cha 1987, mwaka mmoja baada ya kustaafu. Kwa hiyo unaposoma, jihadhari zaidi na kurasa ambazo Hammarskjöld anashutumiwa. Pale mkono wa Urquhart unakuwa mwepesi kumkinga mzee wake. Kwenye kurasa zinazoikosoa Uingereza huna haja ya wasiwasi mwingi, hazimwashi popote.

Sasa uaskari wake. Hapa nitakaa, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali lako la pili, na jibu lenyewe halikutoka Katanga. Limetoka Uholanzi.

Vita vya dunia vilipoanza mwaka 1939 Urquhart aliacha masomo Oxford akaingia jeshini. Mwaka 1942 aliruka na parashuti ambayo haikufunguka vizuri, akaanguka, akavunjika vibaya, akalazwa miezi. Baadaye alikwenda Afrika Kaskazini na Sicily, na kufikia Septemba 1944 alikuwa meja wa miaka 25, mkuu wa upelelezi katika makao ya Jenerali Frederick Browning, aliyesimamia vikosi vya Waingereza vya kushuka kwa ndege. Mpango ulikuwa kuteremsha maelfu ya askari nyuma ya Wajerumani na kuyateka madaraja ya Uholanzi, la mwisho likiwa la Arnhem, juu ya mto Rhine. Kila mkubwa alikuwa na haraka. Vita vitakwisha kabla ya Noeli, walisema. Kijana huyu akaanza kupata habari kwamba karibu na Arnhem kuna vifaru vya Wajerumani. Akaomba ndege ikapige picha. Picha zikaja, vifaru vikaonekana, akampelekea jenerali wake. Jibu alilopata lilikuwa kutembelewa na daktari wa kikosi, aliyemwambia amechoka sana, aende likizo ya ugonjwa. Akaenda. Tarehe 17 Septemba wenzake wakaruka. Kati ya watu kama 10,000 walioshuka Arnhem, ni kama 2,400 tu walioweza kuvuka mto na kurudi siku tisa baadaye.

Kisa hicho anakisimulia vizuri mno. Na hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapotakiwa kuinua kichwa. Kisa kilikuwa kimeshasimuliwa katika vitabu vya watu wengine, na mwaka 1977 kikawekwa katika filamu kubwa, ambamo jina lake lilibadilishwa kuwa Fuller, kwa sababu jenerali aliyeongoza kikosi kilichoangamia Arnhem naye aliitwa Urquhart na watazamaji wangechanganyikiwa. Kwa hiyo Brian Urquhart alipokaa kuandika kitabu chake, alikuwa amekwisha kujiona kwenye sinema. Miaka mingi baadaye mwanahistoria wa jeshi la anga la Uingereza, Sebastian Ritchie, alikwenda kuzitafuta zile picha za angani, na katika nyaraka za Uholanzi akaipata moja inayolingana na maelezo yake. Vifaru vipo. Ila ni vya aina ya zamani, vya kikosi cha mafunzo, tofauti na vile vipya vya divisheni za SS, jeshi la chama cha Hitler, vilivyowamaliza Waingereza. Ritchie akaanza kuuliza kama kweli jenerali alikuwa amepuuza ushahidi mzito kiasi kile kinachosimuliwa.

Je, Urquhart alidanganya? Mimi sioni hivyo. Aliona vifaru, aliogopa, alisema, akafukuzwa kwa adabu, na watu wakafa. Hayo yote yanasimama. Kilichobadilika ni uzito wa picha: kila mara kisa kiliposimuliwa, mkia wake ulionekana mapema zaidi kichwani. Mtu anayejua mwisho wa safari huzikumbuka alama zote za barabarani kama zilikuwa zikimpungia mkono. Wewe mwenyewe muulize mtu yeyote wa mjini hapa aliyekwisha kupoteza kitu katika vurugu, atakwambia alijua tangu asubuhi. Katika TFC yako, andika hivi: mwandishi ni shahidi mzuri wa alichokifanya na alichokihofia, lakini kwa idadi, aina, saa na nani alijua nini lini, mpeleke kwenye hati za wakati ule.

Aprili 1945 alikuwa miongoni mwa wa kwanza wa majeshi ya Washirika kuingia kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen. Soma kurasa hizo polepole, mimi sina la kuongeza.

Tuje nyumbani. Unayajua ya mwanzo, nitayapita mbio. Uhuru tarehe 30 Juni 1960, maasi ya Force Publique, lile jeshi la kikoloni, siku chache baadaye, Tshombe akitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai, na Baraza la Usalama likiamua tarehe 14 Julai kutuma vikosi. Urquhart alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, siku hizo hizo, kufanya kazi na Bunche. Kuhusu Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza aliyeuawa, sura zake za Kongo zitakuudhi, nakuonya mapema. Alimwona mtu msumbufu asiyeshikika, na hakuwahi kubadilika sana: mwaka 2001, akiwa na miaka 82, bado alikuwa akibishana kwa maandishi na Mbelgiji Ludo De Witte juu ya sehemu ya Onu katika kifo kile. Sisi tunaoishi si mbali sana na Shilatembo, mahali alipouawa, tuna haki ya kuudhika. Lakini usikitupe kitabu kwa hasira hiyo, maana kinachokuhusu kiko mbele zaidi.

Septemba 1961 vita vya kwanza kati ya Onu na majandarme, askari wa Katanga, vilizuka hapa mjini. Hammarskjöld akaja kutafuta mapatano, ndege yake ikaanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18. Mwakilishi wa Onu huku, Conor Cruise O'Brien wa Ireland, akaondolewa mwishoni mwa Novemba, na wa kushika nafasi yake akaja Urquhart. Tarehe 28 Novemba alikuwa ndiyo kwanza amefika. Jioni hiyo kulikuwa na chakula katika nyumba ya mzungu wa kampuni ya mafuta, kumkaribisha Thomas Dodd, seneta wa Marekani kutoka Connecticut, rafiki wa Tshombe asiyejificha. Urquhart na mwenzake George Ivan Smith, Mwaustralia, wakaalikwa. Askari wa parashuti wa Katanga wakaingia ndani, wakawapiga kwa vitako vya bunduki, wakawaburuta nje.

Sasa weka simulizi ya nkambo wako kando ya hii. Nkambo anasema "mezani, sahani ikiwa bado ya moto". Habari zilizoandikwa zinasema nini? Kwamba wakati watu hao wanaburutwa kuelekea lori, gari la seneta lilikuwa ndio linafika. Konsuli wa Marekani, Lewis Hoffacker, aliruka kutoka garini akamnyang'anya Smith mikononi mwa askari, kitendo cha ushujaa ambacho hata wasioipenda Marekani wanakikubali. Urquhart akapelekwa kambini. Basi, kama mgeni wa heshima alikuwa hajafika, kwa desturi ya Wazungu hakuna aliyekuwa amekaa mezani. Nkambo amekosea?

Ngoja kwanza. Watu wa sebuleni walikuwa na glasi mkononi, ni kweli. Lakini jikoni? Jikoni, saa ile mgeni mkubwa anapokaribia, chakula kiko tayari na sahani zimepashwa moto. Boyi yeyote aliyefanya kazi kwa Wazungu atakwambia sahani ya mzungu haipelekwi baridi. "Sahani bado ya moto" inaweza kuwa kumbukumbu sahihi kabisa ya mtu aliyesimama upande wa pili wa mlango. Au inaweza kuwa neno la kunogesha lililoongezwa miaka kumi baadaye penye chupa. Siwezi kukuamulia kutoka hapa. Ila unaona jinsi swali lilivyogeuka. Tulianza na "nani anasema kweli", tumefika kwenye "kila mmoja alisimama wapi".

Swali hilo hilo mfanyie Urquhart. Usiku ule alisimama wapi? Sakafuni, kisha kwenye lori, kisha kambini, pua imevunjika, damu machoni. Kuhusu hayo hana mpinzani. Anaeleza kwamba aliwaambia waliomshika kuwa akifa, Wagurkha wa jeshi la India watakuja, na kwamba hofu ya Wagurkha ilimsaidia kuliko kingine chochote. Hapo uaskari wake unafanya kazi: mwanadiplomasia mtupu angeanza kutaja maazimio ya Baraza la Usalama. Yeye alimtazama kijana mwenye bunduki akajua anaogopa nini. Baada ya saa kadhaa aliachiliwa.

Lakini usiku huo huo Meja Ajit Singh, afisa wa Wagurkha hao, alitoka na gari akakamatwa na majandarme. Dereva wake aliuawa, na meja mwenyewe hakurudi hai. Siku saba baadaye, tarehe 5 Desemba, vita vya pili vikawaka, na siku hiyo Kapteni Gurbachan Singh Salaria akafa kwenye kizuizi cha barabara upande wa uwanja wa ndege. India ikampa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Mwulize mtu wa Lubumbashi kama amewahi kusikia jina la Ajit Singh. Pua ya Urquhart imeandikwa katika lugha nyingi. Simlaumu, hakuchagua yeye nani ajulikane. Nasema tu kwamba kitabu cha aliyepona hakiwezi kubeba kisa cha asiyepona, na hilo liandike katika utangulizi wako.

Kuna jambo jingine la usiku ule, nalo linanikera tangu nilipolisoma nikiwa kijana. Alipotokea mbele ya waandishi wa habari, uso umevimba, Urquhart alitoa mzaha ambao kwa Kiingereza una vina: afadhali kupigwa kuliko kuliwa. Wakacheka wote. Mtu anayetoka kupigwa ana ruhusa ya kusema upuuzi, nakubali. Hata hivyo mzaha huo unakuonyesha, kwa maneno matatu au manne, msikilizaji aliyekuwa kichwani mwake: mzungu wa London au New York aliyelelewa na hadithi za sufuria kubwa na Waafrika wanaoizunguka. Hakuwa akizungumza na nkambo wako. Na kitabu chote, ukikisoma kwa sikio hilo, kimeandikwa kwa msikilizaji huyo huyo. Anawajua mawaziri wa Tshombe mmoja mmoja, kwa majina na kwa tabia, na kwa kalamu yenye pilipili ambayo lazima nikiri inanifurahisha. Mpishi hana jina. Kiswahili hakijui. Kamalondo kwake ni mahali kwenye ramani, panapotoka milio ya risasi.

Mlinganishe na O'Brien, umalize kazi. O'Brien hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mwanadiplomasia wa Ireland aliyeazimwa na Onu, na mtu wa fasihi. Kitabu chake juu ya Katanga kilitoka 1962, chini ya mwaka mmoja tangu aondolewe, na bado kina moshi. Anasema kwamba ile operesheni ya Septemba ilikusudiwa kukomesha kujitenga kwa Katanga, na kwamba maagizo yalitoka juu yake. Urquhart, katika kitabu cha 1972 na baadaye, anamkinga Hammarskjöld: mzee hakuidhinisha jambo la namna ile. Mmoja aliandika na jeraha bichi, mwingine na kovu, tena baada ya kupewa makabrasha ya Hammarskjöld ayasome. Wanafunzi wangu wengi huchagua kovu kwa sababu limetulia. Mimi huwaambia kwamba jeraha bichi lina faida yake: O'Brien aliandika kabla hajajua historia itampendelea nani, na hakubakiwa na kazi ya kuilinda. Kwa swali la maagizo ya Septemba, mimi nasoma O'Brien kwanza, halafu Urquhart kama wakili wa upande wa pili. Kwa usiku wa 28 Novemba nafanya kinyume.

Kwa mapigano ya Desemba, usimtegemee hata mmoja wao peke yake. Urquhart alikuwa ndiye mkuu wa upande mmoja, na makombora ya upande huo yaliangukia pia hospitali ya Prince Léopold. Madaktari 46 wa mji huu walitoa kijitabu mwaka 1962 kuishtaki Onu kwa vitendo vyake. Kijitabu hicho nacho kina wenyewe: kilipendwa sana na watetezi wa Tshombe huko Ulaya na Marekani, na hakikuwa na muda wa kuwazungumzia Waluba, makumi ya maelfu yao, waliokuwa wamekimbilia kambi chini ya ulinzi wa Onu pembeni mwa mji kwa kuwaogopa polisi wa Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe. Kila karatasi ya mwezi ule ina mwenyewe. Andika jina la mwenyewe kando ya kila nukuu, hata kama profesa wako atasema unajaza ukurasa.

Urquhart mwenyewe alitoka Katanga na fundisho alilolirudia hadi uzeeni: kikosi cha amani kisiwe na adui, na siku kinapoanza kuua watu kinageuka kuwa sehemu ya ugomvi kilichokuja kuutuliza. Wasomaji wake wa Ulaya hulisoma kama hekima ya ofisini. Sisi tunajua alilipata wapi. Ndege za Onu zilipiga juu ya paa za mji huu, siku ambazo yeye ndiye alikuwa mkuu wa Onu hapa. Mtu ambaye wakati wa Arnhem alikuwa kijana anayepinga haraka ya wakubwa, hapa alikuwa mkubwa. Sijawahi kuona ukurasa ambapo anayaweka mambo hayo mawili kando kwa kando na kujiuliza. Ukiwa unatafuta hoja ya TFC isiyo ya kawaida, chukua hiyo, nakupa bure.

Na sasa upande ambao hakuuona. Una bahati ya kuandika katika mji ambao watu wake wa chini waliandika wenyewe, kwa Kiswahili chao. Mwaka 1965 André Yav alitunga, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi, historia ya Elisabethville ambayo baadaye Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Kichwa chake ni cha Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini ndani ni Kiswahili cha hapa hapa, bila nukta wala koma za kutosha, na kinaupanga mji kwa mabwana, mishahara na matusi, kama boyi alivyouona. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu naye, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya nchi picha kwa picha na kuieleza kwa Kiswahili. Vita vya Onu vimo. Halafu kuna kazi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi iitwayo Mémoires de Lubumbashi, iliyokusanya simulizi za wazee wa mji. Ukimweka Urquhart peke yake mezani, anakuwa mtawala wa meza. Mweke kati ya hao watatu uone anavyopungua ukubwa, ingawa hapotei.

Swali la mwisho ulilouliza kwa haraka, nimwite nani. Katika maandishi ya kitaaluma mwite afisa wa zamani wa upelelezi wa jeshi la Uingereza, baadaye mtumishi mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ni refu, lakini halidanganyi. Alifariki tarehe 2 Januari 2021, akiwa na miaka 101. Kwa nukuu zako, gawanya kitabu chake mafungu matatu kwa penseli: yale yaliyompata mwilini, yale aliyoyashuhudia akiwa chumbani, na yale aliyoyasoma baadaye kwenye mafaili. Fungu la kwanza litumie bila woga. La pili lilinganishe na mtu mwingine aliyekuwa chumbani humo. La tatu liache, nenda kwenye faili lenyewe. Mafaili ya Onu ya Kongo yamehifadhiwa New York.

Lakini kabla ya New York nenda kwa nkambo, maana faili hilo halina nakala. Usimwombe akusimulie kisa, atakupa kile kile mlichozoea nyumbani, kimeshakuwa laini kama jiwe la mtoni. Mwulize vitu vidogo. Alikuwa ndani ya nyumba ile kweli, au alisimuliwa na mwenzake kesho yake? Bwana wake alikuwa nani, na aliishi mtaa gani? Nyumba ilikuwa na mlango wa jikoni unaotazama wapi? Masoda walisema lugha gani walipoingia? Yeye alitoka saa ngapi, alipita njia gani kurudi Kamalondo, kulikuwa na vizuizi? Siku ya pili alikwenda kazini? Akikwambia hakumbuki, furahi, ni dalili njema; anayekumbuka kila kitu ndiye wa kuogopa. Rekodi kwa simu, na usimsahihishe akisema "mezani".

Kurasa za Kiingereza zikikushinda, zipige picha unitumie, za usiku wa Novemba kwanza. Nitakutafsiria jioni ambazo umeme upo. Na ukienda kwa nkambo, mwulize pia walikuwa wamepika nini. Hilo Urquhart hakuliandika, wala O'Brien, wala gazeti lolote nililolisoma.